Kopo Lilelile, Nyanya Chache

Jumamosi iliyopita nilimwaga kopo la samaki kwenye chujio, jikoni kwangu. Kwa nje limeandikwa gramu 155. Niliacha mchuzi udondoke dakika mbili, nikawaweka samaki kwenye mizani ninayopimia unga wa keki. Gramu 88. Zilizobaki zilikuwa rojo jepesi jekundu lililopita kwenye chujio kama chai. Na kopo hilo bei yake imepanda dukani mtaani kwetu.

Kiwanda kikibanwa na gharama za bati, mafuta na usafiri, kina njia mbili: kupandisha bei, au kuacha bei palepale na kupunguza kilichomo. Hiyo ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu mama anayepika haioni mpaka mchuzi ukatae kushika.

Chukua nyanya ya kopo. Nyanya mbichi karibu yote ni maji. Yabisi yake ni kama asilimia 5 tu. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka nyanya ya kopo ile nzito iwe na yabisi ya nyanya isiyopungua asilimia 24. Ikiwa chini ya hapo, ni rojo tu la nyanya. Ili kupata kilo moja yenye asilimia 28, kiwanda hukausha maji ya nyanya mbichi kilo tano hadi sita. Anayetaka kupunguza gharama hupunguza nyanya, kisha huongeza wanga ili rojo lisimame kwenye kijiko, na rangi ili jicho liridhike. Wanga si sumu. Kosa ni kuuziwa wanga kwa bei ya nyanya bila kuambiwa.

Unaweza kupima mwenyewe. Koroga kijiko kimoja cha nyanya hiyo kwenye nusu glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha dondoshea iodini, ile dawa ya vidonda ya duka la dawa. Matone ya kwanza huweza kupotea kwa sababu vitamini C ya nyanya huyala, kwa hiyo endelea kidogo. Ukiona buluu inayoelekea weusi, kuna wanga. Ulichopima mwaga, usirudishe sufuriani. Halafu soma lebo: viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Maji yakitangulia nyanya, umeshajibiwa.

Kwa maharage, njegere na mahindi ya kopo, tafuta uzito baada ya kuchujwa. Codex inataka uandikwe pale chakula kinapofungwa kwenye maji, maji ya chumvi au siki. Kopo la maharage la gramu 400 kwa kawaida hutoa kama gramu 240 za maharage. Sasa piga hesabu. Tuseme kopo moja ni shilingi 3,000 na lina gramu 240 zilizochujwa, jingine 2,700 lenye gramu 200. La kwanza ni shilingi 12.50 kwa gramu, la pili 13.50. Lile "rahisi" ndilo ghali. Samaki wa mchuzi mara nyingi hawaandikiwi uzito huo, ndiyo maana mimi huwachuja.

Kuna vitu ambavyo kwa maoni yangu havistahili kopo kabisa kwa nyumba inayobana matumizi. Kilo moja ya maharage makavu ikiiva hufika zaidi ya kilo mbili, yaani sawa na makopo manane au tisa. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha mengi kwa mkupuo mmoja na gawa kwenye vifuko vya friza. Dagaa wakavu wa Mwanza, ukishawatoa vichwa na kuwaosha mchanga, wanakupa protini na kalsiamu pamoja. Nyanya zikishuka bei, nunua sado nzima, saga, chemsha bila mfuniko mpaka zipungue nusu, gandisha kwenye vikombe. Asiye na friza anunue kidogokidogo gengeni. Kufunga maharage au samaki kwenye chupa nyumbani sikushauri: bakteria wa botulizimu huacha mbegu zinazostahimili maji yanayochemka, na viwandani huuawa kwa mvuke wenye shinikizo, karibu nyuzi 121.

Bei zikipanda, makopo yaliyobonyea huuzwa kwa punguzo. Yanayobonyea kidogo ubavuni hayana neno. Yaliyobonyea kwenye mshono au ukingo, yenye kutu iliyokula bati, au yanayovuja, acha. Lililovimba usilifungue wala usilionje hata kwa ncha ya ulimi.

Ukikuta uzito haufanani na ulioandikwa, hifadhi kopo na risiti. Kwa Tanzania, uzito wa bidhaa zilizofungashwa ni kazi ya Wakala wa Vipimo, na ubora wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019. Kopo langu la Jumamosi nimeliosha, lebo yake nzima, liko kwenye mfuko karibu na mlango. Jumatatu naenda nalo.