Yoderaiti, Madini ya Zambarau ya Kilima cha Mautia

Msafiri atokaye Iringa, akishika njia ya kaskazini iteremkayo Mtera na kupanda hadi Dodoma, kisha akageukia mashariki, atawasili Kongwa, nchi ambayo Waingereza waliifyeka mwaka 1947 ili walime karanga, wakaiacha mwaka 1951 baada ya hasara kubwa. Je, wajua kwamba katika wilaya hiyohiyo kipo kilima kiitwacho Mautia, ambacho kimeipa ilimu ya mawe madini yasiyopata kujulikana kabla yake popote duniani?

Mtaalamu Duncan McKie ndiye aliyeyatangaza, mwaka 1959, akayaita yoderaiti kwa taadhima ya Hatten Yoder, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa kuyatia mawe katika joto na mgandamizo mkubwa ili ajue yalivyozaliwa.

Hapa yafaa tutofautishe, kwa kuwa wengi hudhani jiwe jipya ni jiwe lenye rangi ngeni. Tanzanaiti ya Mererani, iliyopatikana mwaka 1967 na kupendwa na matajiri wa dunia nzima, kwa hakika ni zoisaiti, madini yaliyojulikana tangu mwaka 1805, iliyopata buluu yake kwa vanadi kidogo iliyomo ndani. Ilhali yoderaiti, isiyovaliwa shingoni wala kidoleni na mtu, ni madini mapya kwa asili yake, kwa sababu mchanganyiko wake wa magnesi, alumini, chuma, silika na maji kidogo, pamoja na mpango wa chembe zake, haukupata kuandikwa. Nami naona ni dhuluma kwamba watoto wetu huifahamu ile ya kwanza, na hii ya pili hawajaisikia hata jina.

Kuyathibitisha madini kuwa ni mapya ni kazi ya subira. Jiwe hukatwa kipande chembamba hata nuru ikapenya, kisha huwekwa chini ya hadubini. Na hapo yoderaiti hudhihirisha ajabu yake, kwani kipande kilekile, kikigeuzwa tu mbele ya nuru iliyochujwa, huonekana buluu hafifu upande mmoja, nili upande wa pili, na kijani cha zeituni upande wa tatu. Ugumu wake hupimwa, nao ni kiasi cha 6 katika mizani ambayo almasi ina 10. Uzito wake hulinganishwa na wa maji, ukawa karibu mara tatu na nusu. Mwisho huja miali ya eksirei, ambayo ndiyo hakimu: mwaka 1962 Fleet na Megaw waliitumia kuueleza mpango wa ndani, wakabainisha udugu wake na kianaiti, jiwe ambalo yoderaiti hukaa nalo Mautia pamoja na ulanga laini.

Ujirani huo wa kianaiti na ulanga una maana kubwa. Mawe ya namna hiyo, ambayo Mjerumani Werner Schreyer aliyachunguza kwa miaka mingi, hayaumbiki juu ya ardhi. Na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba yoderaiti hutaka mgandamizo wa kiasi cha mara 10,000 ya ule wa hewa tuivutayo, yaani uzito wa miamba yenye kina cha kilomita 30 na zaidi. Basi kilima kile, ambacho leo mchungaji hupita juu yake na mbuzi wake, kiliwahi kuzikwa chini ya milima mirefu iliyokwisha kulika, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana.

Kwa takriban miaka arubaini Mautia palikuwa pahala pekee, hata mwaka 1998 ilipotangazwa kwamba yoderaiti imeonekana pia katika vilima vya Chewore, nchini Zimbabwe, katika mawe ya ulanga na kianaiti kama yale ya Kongwa.