Virusi vya UKIMWI na Kitalu cha Damu

Wadudu wakila majani shambani, mkulima hupata hasara. Lakini wadudu wakiingia kitaluni, hasara ni kubwa zaidi. Hakutakuwa na miche ya kupanda. Mwili nao una kitalu chake. Kitalu hicho ni uboho.

Uboho ni ule ute laini ulio ndani ya mfupa. Tukila mifupa ya mbuzi huwa tunaufyonza. Ndani ya uboho zimo chembe changa. Chembe hizo huzaana na kukua, zikawa damu. Chembe nyekundu za damu huchukua hewa safi na kuipeleka mwili mzima. Kila chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha hufa. Kwa hiyo kitalu hakina siku ya kupumzika.

Wengi wetu tunajua kuwa virusi vya UKIMWI huua chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Lakini virusi hivyo hudhuru na kitalu pia. Hii ni sababu moja ya wagonjwa wengi kupungukiwa damu.

Kama mahindi yalivyo na mbegu mbalimbali, virusi hivi navyo vina aina nyingi. Aina B imeenea Marekani na Ulaya Magharibi. Aina C imeenea kusini mwa Afrika. Hapa Tanzania zipo A, C na D, na nyingine zilizochanganyika. Mwaka 2007, wataalamu waliochunguza wagonjwa wa Botswana walitoa taarifa. Walipojaribu katika maabara, aina C iliingia ndani ya chembe changa za damu. Aina B haikuingia.

Je, mwananchi ahangaike kujua ana aina gani? Hapana. Dawa za kupunguza makali hupambana na aina zote hizi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mwenye virusi aanze dawa mara moja, asingoje kuugua. Virusi vikizuiwa, kitalu hupata nafuu.

Dalili za kupungukiwa damu ni hizi:
1. Kuchoka upesi.
2. Kizunguzungu.
3. Moyo kwenda mbio.
4. Viganja, ulimi na ndani ya kope kuwa vyeupe.

Ukiona dalili hizi, nenda zahanati ukapimwe damu. Usikisie. Malaria, safura na ukosefu wa chakula bora pia hupunguza damu. Hata dawa moja ya UKIMWI, zidovudini, huweza kuipunguza. Mweleze mganga dawa unazotumia, naye ataamua. Usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe. Ukiiacha, umewafungulia wadudu mlango wa kitalu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Damu hutengenezwa wapi?
2. Kwa nini mtu aliyepungukiwa damu apimwe kwanza?
3. Mgonjwa akiacha dawa, kitalu chake kitakuwaje?