Kuta za Kale, Vyumba Vipya

Mtu apitaye Kaloleni, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, huziona nyumba za mawe zilizojengwa katika miaka ya 1940, na ubavuni mwa nyingi vyumba vya mabati vilivyoongezwa baadaye. Jamaa wameongezeka, nyumba ni zile zile. Wako wasemao dawa ni kubomoa yote. Kule Pangani, palipokuwa na nyumba za zamani za baraza la mji, ujenzi wa maghorofa ulianza mwaka 2020.

Kabla ya kukata shauri, yafaa tuitazame Ngome ya Yesu, Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na tangu 1895 hata 1958 ilikuwa gereza. Wafungwa walipoondolewa, kazi ya kuitengeneza alipewa Bwana James Kirkman, aliyekwisha kuchimbua magofu ya Gede, kwa fedha za Gulbenkian Foundation. Hakuigeuza ngome iwe mpya, wala hakuiacha ianguke. Jengo la makumbusho liliwekwa ndani, mahali pa vyumba vya askari wa kale, na kuta kubwa za nje zikabaki.

Katika kazi ya namna hiyo adui ni saruji. Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyatoa. Ukipigwa lipu ya saruji, maji hukosa njia, chumvi hukusanyika, na jiwe humomonyoka nyuma ya lipu inayopendeza macho. Chokaa ni laini kuliko jiwe. Huharibika kwanza, nayo hubadilishwa kwa urahisi. (Saruji hukauka upesi, na fundi mwenye haraka huipenda.)

Mawe ya Nairobi si matumbawe, wala Kaloleni si gofu. Gofu halidai choo wala chumba cha watoto. Hata hivyo njia ya ngome yaweza kufuatwa: chumba kipya kisimame juu ya msingi wake, kisiegemee ukuta wa zamani wala kuziba dirisha lake, na paa lisimwage maji juu ya mawe. Ukumbi wa Kaloleni, ambamo wanasiasa walihutubia watu kabla ya Uhuru, ubaki na umbo lake, hata kama nyaya na mabomba yatabadilishwa yote.

Nyumba hizo ni mali ya serikali ya kaunti, na mpangaji hapendi kutumia mshahara wake kwa ukuta usio wake. Basi mabati yataendelea kuongezeka mpaka mwenye nyumba atakapotoa ramani moja ya chumba cha nyongeza kilicho halali, na kuwakabidhi mafundi.