Wiki ya Kwanza Ugenini: Mwamini Aendaye Omani ni wa Parokia Gani?

Katika parokia zetu, za Morogoro mjini na za milima ya Uluguru, wapo wazazi ambao binti zao wamekwenda Omani kufanya kazi za nyumbani, na wengine wanajiandaa kuondoka. Familia huja kuomba Misa ya safari, nasi twambariki msafiri. Lakini ndege ikishatua Maskati, mwamini huyo ni wa parokia gani? Wengi hudhani kwamba bado ni wa huku tu, na kwamba kule ni mpita njia asiye na mchungaji. Sivyo Kanisa linavyofundisha.

Kanuni ya 102 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 yatambua, pamoja na makao ya kudumu, makao ya muda. Haya hupatikana kwa kuishi katika eneo la parokia au jimbo kwa nia ya kukaa walau miezi mitatu. Mwenye mkataba wa miaka miwili anayo nia hiyo tangu anaposhuka uwanjani. Kwa kanuni ya 107, makao hayo humpatia paroko wake. Hangoji kuzoea, wala hangoji kujua Kiarabu: katika wiki ile ya kwanza, yenye upweke kuliko zote, tayari ni mwanaparokia. Makao yake ya nyumbani nayo hayapotei maadamu anakusudia kurudi, hivyo ana maparoko wawili.

Omani iko chini ya Vikarieti ya Kitume ya Arabia ya Kusini, yenye makao makuu Abu Dhabi. Maskati kuna parokia ya Watakatifu Petro na Paulo, Ruwi, na ya Roho Mtakatifu, Ghala. Nyingine ziko Salalah na Sohar. Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, kwa hiyo waamini wengi huenda Misa siku hiyo. Mama asishangae kusikia mwanawe alisali Ijumaa.

Na kama hakuruhusiwa kutoka? Hili ndilo linalowaumiza wengi, kwa maana mfanyakazi wa ndani hajipangii siku zake. Anayezuiwa na sababu nzito hatendi dhambi. Kanuni ya 1248 yampendekeza atenge muda wa sala, peke yake au pamoja na wengine. Basi simu ya kwanza kutoka nyumbani isianze na lawama ya kukosa Misa.

Isianze na fedha pia. Mshahara hulipwa baada ya kazi, na binti mwenye siku nne ugenini hana cha kutuma, hata kama mjomba anangoja bati na mdogo wake anadaiwa ada. Tumewaona waliolia usiku si kwa ukali wa mwajiri, bali kwa ujumbe wa ndugu zao. Jumuiya ndogondogo iwasihi wanafamilia wavumilie.

Kabla ya safari, achukue parokiani nakala mpya ya cheti cha ubatizo. Ile ya utotoni haitoshi, kwani kitabu cha ubatizo huongezewa kumbukumbu za Kipaimara na ndoa, na paroko wa ugenini atazihitaji siku mtu akitaka kufunga ndoa. Pia aombe barua ya utambulisho. Nakala za pasipoti, mkataba, na jina na mtaa wa mwajiri zibaki kwa mama au kwa mjomba, ambaye kwa Waluguru ndiye mwenye sauti katika ukoo. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania. Ikizuiliwa, Ubalozi wetu uko Maskati, na namba yake ikaririwe kichwani, maana simu nayo huweza kuchukuliwa.

Faraja moja ipo: Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar huzungumza Kiswahili, na huenda mama wa nyumba akawa mmoja wao. Hata hivyo, lugha moja si desturi moja. Kwanza atazame jinsi wenyeji wanavyovaa, wanavyosalimiana na wanavyokula.

Kanuni ya 529 yamwagiza paroko kuwatafuta kwa bidii walio mbali na nchi yao. Agizo hilo lawagusa wenzetu wa kule, na kwa maoni yetu latugusa na sisi tunaowaaga. Wapendwa waamini, mleteni msafiri ofisini wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia safari, ili tupate muda wa kumwandikia paroko wake mpya.