Leso, mchoraji na mteja: kabla wino haujagusa nguo

Ukipita Barabara ya Biashara hapa Mombasa mwezi wa Shaaban, utawakuta akina mama wamejaa madukani, kila mmoja ataka leso za sare za harusi. Siku hizi wengi hawatosheki na zilizotundikwa. Wataka zao, zenye jina walilotunga wenyewe, na hapo ndipo anapoingia mchoraji.

Sisi yalitufika mwaka jana. Binti wa dada yangu alikuwa aolewa, tukaagiza jozi 60, jina tukamtumia mchoraji kwa simu: "Radhi za mama ni taa". Zilipofika, siku nne kabla ya harusi, zimeandikwa "Radhi za mama ni tata". Herufi moja tu! Dada alilia. Mchoraji akafungua simu yake, akatuonyesha mchoro aliotutumia wiki tatu nyuma. Neno lilikuwa hivyo hivyo. Watu kumi na wawili wa familia tulijibu "mashallah", tukasifu rangi. Hakuna aliyesoma.

Kosa ni la nani? Jamaa zangu wanabisha, lakini mimi nasema zaidi ni la mchoraji. Yeye ndiye ajuaye kwamba nguo ikishachapwa, herufi haifutiki. Mteja huona maua. Basi kazi ya mchoraji ni kumsimamisha: amchapie jina kwenye karatasi, amtie mkononi, amwambie alisome kwa sauti, kisha atie sahihi. Na asipokee majibu ya watu kumi na wawili. Familia imtoe msemaji mmoja. Qur'ani yenyewe, Baqara aya ya 282, yatuamrisha tuandikiane deni la muda. Leso iliyolipiwa nusu ina tofauti gani?

Maswali nayo yaulizwe mapema. Leso ina pindo, mji na jina, na jina hukaa chini ya mji. Likiwa refu mno, akijifunga mtu kiunoni maneno humezwa na mikunjo. Mchoraji aulize: itavaliwa vipi, na nani, na jina lamwambia nani? Mama akitaja kisutu, ataka nyekundu, nyeusi na nyeupe, usimletee zambarau ukamwambia ndiyo fasheni. Rangi nayo ionyeshwe kwa kipande cha nguo. Kioo cha simu hudanganya.

Wafanyabiashara wakongwe walilijua jambo hili. Leso za Kaderdina Hajee Essak, nyumba ya biashara iliyoanza hapa Mombasa karne ya 19, huchapwa "K.H.E. – Mali ya Abdulla" kwenye nguo yenyewe. Ukitia jina lako pale, neno likiharibika aibu ni yako, si ya mteja pekee.

Leso zetu hazikurudishwa, muda haukuwepo. Akina mama walizivaa vivyo hivyo, na bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akamshika dada yangu mkono, akamuuliza taratibu: "Mwanangu, tata gani hiyo?"