Chuo cha Udaktari Kipimwe Wodini

Rumonge iko kilomita 70 hivi kusini mwa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika. Ni mji wa mawese na samaki aina ya ndagala na mukeke, na Kiswahili kimezoeleka sokoni na bandarini sawa na Kirundi. Ni pia ukanda ambao kipindupindu hurejea mara kwa mara, kwa kuwa kaya zisizo na bomba hunywa, huoga na kufulia maji yaleyale ya ziwa.

Tuchukue mtoto wa miaka 2, kilo 10, anayefikishwa hospitalini usiku amelegea, macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya inachelewa kurudi. Atakayempokea huenda ni daktari aliyehitimu majuzi. Tutajuaje kama chuo kilimfundisha vema?

Mwaka 1990 Mmarekani George Miller alipanga ustadi wa daktari katika ngazi nne: kujua, kujua namna ya kutumia ujuzi huo, kuonyesha mbele ya mtahini, na kutenda kazini pasipo mtu wa kumsimamia.

Mtoto wetu anahitaji mililita 100 za maji ya dripu aina ya Ringer kwa kila kilo, yaani lita 1. Hiyo ni ngazi ya kwanza. Ya pili ni kuigawa lita hiyo: mililita 300 katika nusu saa ya kwanza, 700 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Haya yote mwanafunzi mwenye bidii atayaandika kwenye karatasi na kupata alama zake.

Jasho huanza kwenye ngazi ya tatu. Mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji umesinyaa, hauonekani. Na kwa mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita, ile nusu saa ya kwanza inadai matone 200 kwa dakika. Hayahesabiki kwa macho. Mzoefu huweka alama kwenye chupa, akatazama saa, kisha akarudi kumpima mtoto upya.

Ngazi hii ina mtihani wake. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walieleza mtihani wa vituo. Kila mwanafunzi hupita vituo vilevile kwa dakika zilezile, na mtahini hujaza orodha moja kwa wote, hivyo hakuna anayebahatika kupewa mgonjwa mwepesi huku mwenzake akiangukia mgumu. Kituo kimoja kinaweza kuwa na mkono wa plastiki wa kuchomea sindano. Kingine kikawa na mama wa kuigiza anayejibu kwa Kirundi au Kiswahili, ingawa darasani masomo yalikuwa kwa Kifaransa. “Mama, mtoto alikojoa mara ya mwisho saa ngapi?” Asiyeweza kuuliza hivyo akaeleweka, hajafaulu.

Ngazi ya nne haimalizwi kwa mtihani wa siku moja. Daktari mwandamizi amtazame mwanafunzi akimhudumia mgonjwa halisi kwa dakika 15 hivi, kisha amwambie papo hapo alichofanya vizuri na cha kurekebisha. Baada ya kuhitimu, chuo kiwafuate vijana wake huko waliko na kufungua kadi za wagonjwa: je, uzito uliandikwa? Saa ya kuanza dripu? Saa ya kumpima tena? Kasoro ikiwa ya mmoja, ni yake. Ikijirudia kwa wahitimu wengi, ni ya mtaala. Ila kama hospitali haina mizani, tusimlaumu mwalimu.

Ukaguzi wa nje nao una kazi yake. Viwango vya Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari vya mwaka 2020 vina maeneo manane, kuanzia dira ya chuo na mtaala hadi walimu na uongozi. Burundi, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, imo pia katika juhudi za kufanya shahada za nchi wanachama zitambuliwe pande zote. Lakini mkaguzi akiishia ofisini na maktabani, ataondoka na picha ya majengo tu.

Wanafunzi wengi wa Bujumbura huonana na wagonjwa katika hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge. Chuo Kikuu cha Hope Africa huwapeleka wake hadi hospitali ya Kibuye, mkoani Gitega, ushahidi kwamba mafunzo hayalazimiki kubaki mjini. Mwambao wa Rumonge nao una malaria, kichocho, kipindupindu na kinamama wanaojifungua, mambo ambayo daktari kijana atakutana nayo tangu wiki yake ya kwanza kazini.

Wakuu wa vyuo, pelekeni wanafunzi Rumonge, na pelekeni watahini pamoja nao. Lipeni muda wa madaktari wa huko wanaofundisha, kwani ualimu haufanywi kwa masalia ya zamu. Chuo kisichojua wahitimu wake wanatibu vipi hakina haki ya kujisifu kwa idadi yao.