Dzaleka: Nyumba si yako, lakini mvua itakunyeshea wewe

Na Mwandishi Wetu, Lilongwe

MALORI yanayotoka mpaka wa Songwe kuelekea Lilongwe huingia mjini kwa kupitia Kanengo, eneo la viwanda lenye maghala ya nafaka na mnada wa tumbaku. Kabla ya kufika hapo, barabara kuu ya M1 huachana na njia ya kwenda Dowa. Madereva wengi huipita njia hiyo bila hata kupunguza mwendo. Anayeifuata hufika Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyo kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe, na hapo sokoni hahitaji mkalimani. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Wakongo, Warundi na Wanyarwanda.

Kwa mfanyabiashara, soko hili lina msimu wa kujulikana. Mvua za Malawi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Miezi inayotangulia ndiyo ya ukarabati: kila mwenye nyumba hutazama ukuta wake, paa lake na mfuko wake, kisha huamua kipi kitengenezwe kwanza.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994. Kabla ya hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa utawala wa Kamuzu Banda, na jina lenyewe, kwa Kichewa, ni kauli ya mtu aliyekoma na hatarudia tena. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo.

Ukuta huanza kufa kwa chini

Nyumba nyingi za Dzaleka ni za matofali mabichi. Udongo, hasa wa kichuguu kwa sababu hushikana vizuri, hukanyagwa pamoja na maji, hutiwa kwenye kibao cha kufyatulia, kisha huanikwa na kugeuzwa hadi ukauke. Tofali la kuchoma ni imara zaidi, lakini tanuru linataka kuni nyingi, na kuni ni ghali katika wilaya ambayo miti yake imekwisha kukatwa sana.

Tofali bichi halina shida na jua. Adui yake ni maji. Matone yanayodondoka kutoka kwenye paa hupiga ardhi, hurukia ukuta na kuula taratibu sehemu ya chini. Juu ukuta huonekana mzima, huku mguu wake ukizidi kuwa mwembamba. Siku ya mvua ya upepo, upande mmoja hulala chini.

Kwa hiyo fundi wa nyumbani huanzia chini. Akiwa na uwezo mdogo, hununua matofali ya kuchoma ya safu mbili au tatu za kwanza tu, kisha hupandisha ukuta kwa mabichi. Nyumba ikiwa imekwisha kusimama, huizungushia baraza ya udongo ulioshindiliwa, ambayo Wamalawi huiita khonde, ili matone yapige baraza badala ya ukuta. Baraza ikilika, hukandikwa upya kila mwaka. Mfereji wa kupeleka maji mbali huchimbwa siku hiyo hiyo, baada ya kuzungumza na jirani, maana maji yanayotoka kwako huingia kwake.

Juu, wengi hutandika plastiki nyeusi na kuifunika kwa nyasi. Plastiki huzuia maji, na nyasi huikinga plastiki isipasuke kwa jua. Wenye mabati huyawekea mawe, lakini mawe hayatoshi upepo unapoingia ndani kwa mlango. Waya wa kufungia bati kwenye mbao husaidia zaidi kuliko jiwe.

Kinachobebeka

Linalofanya ukarabati wa hapa uwe tofauti ni sheria. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 ikiweka masharti, yakiwamo ya kuzuia uhuru wa kutembea na kufanya kazi. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na operesheni ya kuwaondoa ikafanyika Mei mwaka huo. Waliokuwa na maduka Lilongwe waliacha biashara zao. Wengi walirudi kwenye kambi iliyokuwa imejaa, na ikawabidi waanze kutafuta mahali pa kuweka kichwa.

Mtu wa namna hiyo hajengi kama mwenye hati ya kiwanja. Fedha yake huiweka kwenye vitu vinavyong'oka: mlango, fremu ya dirisha, kufuli, mabati. Akipata nafasi ya kwenda kuishi nchi ya tatu, huviuza. Ukuta wa udongo hubaki, lakini mlango una bei. Ndiyo maana bawaba na komeo hutazamwa kwa makini kuliko rangi.

Bustani nayo hufuata hesabu hiyo hiyo. Nafasi kati ya nyumba na nyumba ni ya kupita mtu mmoja, basi mboga hupandwa ndani ya gunia. Udongo uliochanganywa na samadi hujazwa kuzunguka nguzo ya mawe iliyo katikati, ambayo hupitisha maji hadi chini. Pembeni hutobolewa matundu, na kila tundu hupata mche wa mchicha, ambao Wakongo huuita lengalenga, au wa chainizi. Maji ya kuoshea mboga na mchele hunywesha gunia, kwa kuwa foleni ya bombani ni ndefu. Majivu hunyunyizwa kupunguza wadudu. Mbuzi huzuiwa kwa matawi ya miiba. Gunia moja halishibishi familia, ila linapunguza siku za kununua kitoweo, na mwenyewe akihama analisukuma hadi nyumba mpya.

Kwa wanaovuka mpaka

Mwenye kufikiria kuleta bidhaa huku azingatie mambo matatu.

La kwanza ni kwacha. Novemba 2023 dola iliyokuwa takriban kwacha 1,180 ilipandishwa hadi 1,700 kwa siku moja. Misumari na mabati ya kutoka nje yalifuata. Mteja wa Dzaleka hununua kidogo kidogo: robo kilo ya misumari, mita mbili za plastiki. Muuzaji anayekubali kupima hupata wateja kuliko anayeuza kwa boksi.

La pili ni plastiki. Kanuni za mwaka 2015 zilipiga marufuku plastiki nyembamba chini ya mikroni 60, kwa hiyo ulizia unene kabla ya kupakia.

La tatu ni mimea. Watu wa Kivu na Burundi wamekulia migombani, na chipukizi la kutoka nyumbani lina soko. Lakini ni chipukizi hilo hilo linalosafirisha ugonjwa wa virusi unaodumaza mgomba na kukusanya majani kileleni, ambao umekwisha kuteketeza mashamba mengi ya Malawi. Mbegu na miche huvuka kwa kibali na cheti cha afya ya mimea, si ndani ya begi la nguo.

Lugha haitakuwa kikwazo. Kwa Mmalawi wa vijiji vya jirani anayeleta nyasi na mianzi, msumari ni msomali, mbegu ni mbewu, na nyumba ni nyumba. Bati tu ndilo hubadilika kuwa malata. Kujenga, kwa Kichewa, ni kumanga, na neno hilo hilo lina maana ya kufunga kwa kamba.

Wenye paa la plastiki Dzaleka wanaielewa maana hiyo vizuri. Kila Oktoba hupanda juu na waya mkononi, wakafunga tena kile walichokifunga mwaka uliopita.